Picha ya Ujenzi ni Kumbukumbu ya Umma

Ni kawaida jengo la Serikali kupigwa picha siku ya ufunguzi, majukwaa ya mafundi yakiwa yamekwishaondolewa. Watumishi na wananchi wanaelezwa hapa kwa nini picha ya jengo lisilokamilika nayo ina thamani.

Mfano ni wa mji wa Amsterdam, Uholanzi. Jiwe la msingi la jumba jipya la Baraza la Mji, lililosanifiwa na Jacob van Campen, liliwekwa tarehe 28 Oktoba 1648. Kwa kuwa ardhi ya huko ni tepetepe, jumba lilisimamishwa juu ya nguzo za miti 13,659 zilizokitwa ardhini. Lilifunguliwa tarehe 29 Julai 1655, hali ujenzi ukiwa ungali unaendelea.

Mwaka 1656 mchoraji Johannes Lingelbach aliuchora uwanja wa Dam, jumba likiwa bado na majukwaa ya ujenzi, na mbele yake wafanyabiashara wakishughulika. Ndani ya picha imo pia nyumba ya mizani, ambamo bidhaa zilipimwa. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1808, mwaka ambao jumba lenyewe liligeuzwa kasri ya mfalme. Picha ingalipo.

Jumba la zamani la Baraza liliteketea kwa moto mwaka 1652. Kwa bahati njema, mchoraji Pieter Saenredam alikuwa amelichora kwa makini mwaka 1641. Kutokana na mchoro huo alitengeneza picha ya rangi mwaka 1657, na Baraza likainunua kwa gilda 400.

Jambo hili linatuhusu. Sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Fundi anayerejesha jengo la kale huhitaji kujua boriti zilivyolazwa na kuta zilivyoshikana; mambo hayo huonekana wakati wa ujenzi au matengenezo, kabla ya chokaa kuyafunika.

Kwa hiyo, ofisi inapohama au kusafishwa, michoro na picha za kazi zisitupwe pamoja na makaratasi mabovu. Kila moja iandikwe tarehe, mahali na jina la aliyeitengeneza, kisha ihifadhiwe pakavu. Mwananchi aliyerithi picha ya aina hiyo naye anaombwa aitunze vivyo hivyo.