Ukame Unaweza Kusikika? Madai Sita Yapimwa

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kwa kila kaunti kame, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Ndani yake mna majedwali, ramani za rangi na grafu. Anayeihitaji zaidi huenda yuko malishoni na simu yake ya mulika mwizi, ambamo ramani haifunguki. Kwingineko duniani wanasayansi huzipa tarakimu mlio, ili mtu asikie kinachopanda na kinachoshuka. Je, njia hiyo ingefaa huku? Kabla ya kujibu, tuyapime yanayosemwa kuihusu.

Dai la 1: Haya ni mambo mapya ya kompyuta.

Si kweli. Kifaa cha kupimia mnururisho, kinachotokana na kazi aliyoianza Hans Geiger mwaka 1908, hujulikana kwa mlio wake wa kutatarika: mnururisho ukizidi, mlio unakazana. Tangu miaka ya 1980, vyumba vya upasuaji vimekuwa na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Hulia kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikipungua damuni, mlio unakuwa mnene zaidi. Mtaalamu wa nusukaputi anajua mgonjwa anazidiwa hata kama macho yake yako kwenye sindano.

Wafugaji nao hawahitaji kufundishwa kusikiliza. Ngamia wa Wasomali huvishwa koor, kengele ya mti, na kwa mlio wake mchungaji hujua usiku kundi liko wapi, na kama linakula kwa utulivu au limeshtuka.

Dai la 2: Redio ikisoma taarifa ya ukame, tayari takwimu zimegeuzwa sauti.

Si kweli. Hayo ni maneno yaliyobeba tarakimu. Chukua kipimo kiitwacho VCI, ambacho kwa picha za setilaiti hulinganisha ukijani wa mimea wa sasa na rekodi za miaka iliyopita mahali palepale. Kikiwa 35 au zaidi, hali ni ya kawaida au nzuri. Kati ya 20 na 35 ukame ni wa wastani, kati ya 10 na 20 ni mkali, na chini ya 10 umepita kiasi.

Mtangazaji akisoma VCI ya maeneo sita ya kaunti ya Garissa, yaani Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi, Ijara na mji wa Garissa kwa miezi 36, msikilizaji atapigwa na tarakimu 216. Akifika ya kumi keshaisahau ya kwanza. Sasa ipe kila tarakimu noti moja ya kinanda: nyembamba kwa majani mengi, nene kwa ukavu. Piga noti mbili kwa sekunde, na miaka mitatu ya eneo moja inapita kwa sekunde 18. Katika ule ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, sikio lingesikia noti zikididimia, zikijaribu kuinuka msimu wa mvua, kisha zikirudi chini.

Dai la 3: Sikio hukamata mabadiliko ya wakati kuliko jicho.

Kweli. Picha 24 za filamu kwa sekunde moja jicho huziona kama mwendo usiokatika, ilhali sikio hutambua pengo la elfu chache tu za sekunde. Ndiyo maana mdundo ukipotoka hata kidogo, asiyejua muziki anakunja uso. Lakini ukitaka kujua malisho yako upande gani wa Fafi, ramani inalishinda sikio kwa mbali.

Dai la 4: Sauti nyembamba maana yake ni kingi zaidi, kila mtu anajua hivyo.

Si kweli. Bruce Walker, mtafiti wa Georgia Tech nchini Marekani, alikuta kwamba watu huelekeza sauti tofauti kulingana na kinachopimwa. Kwa fedha, wanaoona na wasioona hawakuafikiana: wanaoona waliunganisha fedha nyingi na sauti nyembamba, wasioona na sauti nene. Leta jambo hilo Garissa. Je, noti ikipanda iwe habari njema ya majani, au kilio cha ukame? Yote mawili yanaingia akilini. Anayetengeneza sauti bila kuwauliza wafugaji anaweza kuwatangazia neema wakati wa njaa.

Dai la 5: Sauti haidanganyi, maana kompyuta inafuata takwimu tu.

Si kweli. Mwaka 2022 NASA ilitoa sauti ya shimo jeusi lililo katika kundi la galaksi la Perseus. Mawimbi yale ya sauti ni ya kweli, yaligunduliwa mwaka 2003 kwa darubini ya Chandra, ila ilibidi yainuliwe oktavo 57 na 58 ili binadamu ayasikie. Sauti nyingine nyingi za anga hazikuwa sauti hapo mwanzo: ni mwanga uliopimwa, kisha watu wakachagua upigwe kwa ala gani na kwa kasi gani.

Huku nyumbani hatari iko kwenye kuchagua kipimo. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko, na familia zilizo kandokando ya mto Tana zikahama. Nchi ilikuwa kijani. Noti za VCI zingepaa kwa shangwe wakati watu wanaokoa magodoro. Kimya nacho kina mtego: ni ukame uliokithiri, au mawingu yaliizuia setilaiti isione? Lazima msikilizaji aambiwe kabla.

Dai la 6: Njia hii ni ya wasioona tu, na itaondoa majedwali.

Si kweli, mara mbili. Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona, alirudi kwenye utafiti kwa kusikiliza data za nyota, na kazi yake ikawafungua masikio wenzake wanaoona. Jedwali nalo litabaki. Bima ya mifugo inayofuata vipimo vya setilaiti, iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kufika Wajir mwaka 2013 kwa mfumo wa takaful, hulipa kipimo kinaposhuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Mfugaji hawezi kudai fidia kwa kusema noti ilisikika nene.

Basi kituo cha redio kikikuletea kesho sauti ya ukame, kiulize mambo matatu: kinachopimwa ni nini, noti ikipanda ni heri au shari, na kimya kina maana gani. Kikishindwa kujibu, hicho ni kiburudisho tu, wala usihamishe mifugo kwa sababu yake.