Kabla ya Kulipia Fleti Kinondoni au Temeke, Omba Uoneshwe Hati

Kununua fleti moja ndani ya ghorofa la watu wengi kulikuwa, kwa muda mrefu, habari ya Upanga na Masaki, jijini Dar es Salaam. Sasa biashara hiyo imesogea. Pale Morocco, Kinondoni, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) limesimamisha minara ya Morocco Square yenye fleti 100 za kuishi, pamoja na maduka, ofisi na hoteli. Kawe kuna mradi wa 711 wenye fleti 422, na jirani yake mradi wa Samia ulioanza na fleti 560. Upande wa Temeke, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) umejenga nyumba za kuuza Mtoni Kijichi, na dalali wa Chang'ombe au Mbagala akikuonesha jengo jipya atakutajia kwanza barabara ya mabasi yaendayo haraka inayofuata Barabara ya Kilwa.

Sababu ya kwenda juu inaeleweka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na viwanja havizai. Mitaa kama Hananasif, Tandale na Keko imejaa nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na familia yake: fundi cherehani kutoka Tanga, mama lishe wa Kigoma, mwalimu wa Mbeya, mzee Mzaramo aliyezaliwa hapohapo. Wanachangia choo, bomba na luku, na wanaelewana. Hao ndio wangepaswa kuwa wateja wa fleti. Lakini wengi wao hawamo kwenye soko hili, na tatizo ni fedha.

Chukua fleti ya shilingi milioni 100. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa, kwa miaka, kati ya asilimia 15 na 19. Ukikopa fedha hizo zote kwa asilimia 15, ulipe kwa miaka 15, utatoa takriban shilingi milioni 1.4 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 250. Mwalimu wa sekondari hawezi. Kampuni ya TMRC iliundwa mwaka 2010 ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu za kukopesha wanunuzi wa nyumba, na imesaidia, ila pengo lililoachwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanguka mwaka 1995, halijazibwa. Juu ya hapo ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa nyumba mpya inayozidi kiwango cha msamaha. Muulize muuzaji kama bei aliyokutajia tayari imeibeba. Na akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza.

Magomeni Kota imeonesha njia nyingine. Serikali, kupitia Wakala wa Majengo (TBA), ilijenga fleti kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa zikiishi katika kota za zamani, na Rais Samia akazizindua Machi 2022. Wakazi walipewa miaka mitano bila kodi, kisha nafasi ya kuwa wapangaji wanunuzi, kwa bei iliyoondolewa gharama ya ardhi. Kwa maoni yangu huo ndio mfano pekee wa karibuni ambapo mkazi wa kawaida wa Kinondoni amefikiwa na fleti ya kumiliki. Umewezekana kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma. Mjenzi binafsi anayelazimika kulipa fidia nyumba kumi ili apate kiwanja kimoja hawezi kuuza kwa bei hiyo.

Sasa tuje kwenye hati, jambo ambalo wanunuzi wengi huliacha mwisho. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Na. 16 ya mwaka 2008, ndiyo inayomwezesha mtu kupata hati ya fleti yake peke yake, akaiuza, akairithisha au akaiweka benki kama dhamana. Hati hiyo inampa pia fungu lake katika mali ya pamoja: kiwanja, ngazi, lifti, tangi la maji, maegesho. Bila hati ya sehemu, mnunuzi ana makubaliano na funguo tu, na siku mjenzi akishindwa kulipa benki, jengo zima linaweza kuuzwa naye akiwemo ndani. Angalia pia hati mama ya kiwanja imebakiza miaka mingapi.

Sheria hiyohiyo inataka wenye fleti wawe na chama cha wamiliki. Huko ndiko ghorofa linakofia au kupona. Lifti ikiharibika, wa ghorofa ya chini husema haimhusu. Pampu ikiungua, wawili wanachanga na kumi wananyamaza. Jengo lisilo na akiba ya matengenezo huanza kuchakaa mapema, na bei yake hushuka na rangi ya ukuta. Omba katiba ya chama na hesabu za mwaka uliopita kabla hujaomba kuona jiko.

Kuhusu kununua jengo likiwa bado ramani, historia inatosha. Morocco Square na 711 zilisimama kwa miaka kwa kukosa kibali cha NHC kuendelea kukopa, kabla ya kufufuliwa chini ya Rais Samia. Mradi wa Dege wa NSSF na mbia wake, Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ulisimama mwaka 2016. Ikiwa mashirika ya umma yamekwama hivyo, mjenzi mdogo wa Sinza au Tandika naye anaweza kukwama.

Kwa hiyo usilipe kwa mkupuo. Lipa kwa awamu zinazofuata hatua za ujenzi, mkataba upitiwe na wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, na uende ofisi ya Msajili wa Hati ukapekue kiwanja hicho kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.