Boksi la ‘silaha’ linaloweza kukwamisha lori Nimule

Kampuni ya Hasegawa ya Japani huuza maboksi ya plastiki yaliyoandikwa kwa herufi kubwa “Aircraft Weapons”, yaani silaha za ndege. Ndani yake hamna risasi wala baruti. Mna vipande vya plastiki vya kukata na kubandika: mabomu na makombora yaliyopunguzwa mara 72. Kombora halisi la mita 3 linabaki sentimita 4, kama njiti ya kiberiti. Mteja wake ni mtu mzima anayeunganisha ndege ndogo za kivita au anayecheza vita vya mezani.

Boksi hilo likiuzwa Nairobi au Kampala halimshtui mtu. Likipanda lori la Juba, hali inabadilika. Tangu Julai 13, 2018, Sudan Kusini iko chini ya vikwazo vya silaha vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, vilivyowekwa kwa azimio namba 2428 na kuhuishwa kila mwaka. Afisa wa mpakani anayekuta neno “silaha” kwenye ankara ana kila sababu ya kusimamisha gari na kufungua mzigo. Mfanyabiashara ndiye anayetakiwa kumpa jibu mapema, kabla swali halijaulizwa.

Biashara yenyewe ni ipi

Mchezo wa vita vya mezani ni wa zamani. Maofisa wa jeshi la Prussia waliutumia kufundishia tangu miaka ya 1820, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kuucheza nyumbani kwa askari wadogo wa bati. Leo wachezaji hutumia askari, vifaru na ndege za plastiki au madini, wakisogeza kwa rula na kuamua matokeo kwa dadu. Ndege hizo hutengenezwa na Airfix ya Uingereza, Italeri ya Italia, Tamiya na Hasegawa za Japani, Zvezda ya Urusi na Trumpeter ya China, miongoni mwa kampuni nyingine.

Anayepokea oda ya bidhaa hizi aulize kwanza kipimo. Kipimo cha 1/72 maana yake sentimita moja ya boksi ni sentimita 72 za ndege halisi. MiG-21 yenye urefu wa karibu mita 15 inakuwa sentimita 20, na inakaa vizuri mezani. Lakini Antonov An-26, yenye mabawa ya mita 29, inakuwa na upana wa sentimita 40 na kuhitaji boksi kubwa. Ndiyo maana ndege za mizigo mara nyingi hutafutwa kwa kipimo cha 1/144, ambacho hupunguza urefu huo kwa nusu. Wachezaji wa vita vya angani hushuka zaidi, hadi 1/300 na hata 1/600, ambako kikosi kizima hujaa kwenye kiganja. Oda isiyotaja kipimo ni oda ya kurudishiwa mzigo.

Karatasi kabla ya turubai

Katika orodha ya kimataifa ya ushuru, vichezeo na vifaa vya kuunganisha vilivyopunguzwa kwa kipimo huingia kwenye kifungu cha 9503. Silaha halisi ziko kwenye sura ya 93. Kwa hiyo ankara isinakili jina la kwenye boksi peke yake. Iandikwe kwa ukamilifu: “vipande vya plastiki vya kuunganisha sanamu ya ndege, kipimo 1/72, havifyatui, havina baruti”, pamoja na namba ya kifungu, idadi ya maboksi na jina la mtengenezaji. Picha ya kipande kikiwa kando ya rula, ikiambatanishwa na orodha ya vifurushi, humwezesha wakala wa forodha kueleza kwa dakika moja jambo ambalo lingechukua mchana mzima.

Kuna kosa jingine la kuepuka. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezoea cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Boksi lililotengenezwa Japani au China halipati nafuu hiyo hata kama thamani yake ni dola 50 na limenunuliwa Kampala.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa sababu mzigo wa Juba mara nyingi ni mchanganyiko. Katika lori moja mna vitunguu vya mmoja, mabati ya mwingine na maboksi ya wa tatu. Barabara ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, ina lami tangu mwaka 2012, lakini lami haisaidii lori lililozuiwa getini. Boksi moja lenye maelezo mabovu linaweza kuozesha nyanya za mtu asiyejua hata kama lipo.

Gundi, rangi na joto

Maboksi mengi huuzwa bila gundi wala rangi, na mteja huvitaka pamoja. Gundi ya plastiki na rangi za mafuta hushika moto kwa urahisi, hivyo katika usafiri wa anga huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari. Kuvificha katikati ya maboksi ili vipite kwa ndege ni kucheza na maisha ya watu. Rangi za maji ni salama zaidi. Gundi iende kwa barabara, ifungwe wima na kutajwa kwenye orodha.

Joto nalo ni adui. Miezi ya Februari na Machi Juba hukaribia nyuzi 40, na chini ya turubai hupanda zaidi. Plastiki nyembamba hupinda, na stika za alama za ndege huharibika kwa unyevu. Maboksi yapakiwe katikati ya mzigo, yafungwe kwa nailoni, na yasilaliwe na magunia.

Pale mchezo unapokoma

Ndege ya kuunganisha haifanani na kitu cha kumtishia mtu. Bunduki ya bandia yenye ukubwa wa bunduki halisi inafanana. Bunduki za springi, hewa au gesi zimo kwenye kifungu cha 9304, katika sura ileile ya silaha, hata muuzaji akiziita vichezeo. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamwadhibu anayetumia bunduki ya bandia kukwepa kukamatwa sawasawa na anayetumia ya kweli. Nchini Marekani, tangu mwaka 1989, bunduki za kuchezea zinatakiwa kuwa na alama ya rangi ya machungwa mdomoni. Hata hivyo, usiku, askari mwenye wasiwasi hana muda wa kutafuta alama hiyo. Vilevile ndege yenye injini na rimoti si sanamu tena, na ina masharti yake ya usalama wa anga.

Juba ina kumbukumbu zake. Katika vita vya 1983 hadi 2005, ndege za Antonov za serikali ya Khartoum zilikuwa zikisukumiwa mabomu kutoka mlango wa nyuma juu ya vijiji vya kusini. Mapigano yakarudi ndani ya mji wenyewe Desemba 2013 na Julai 2016. Kwa mkazi aliyewahi kukimbilia handakini, umbo la ndege hiyo si urembo wa kabati.

Hilo halifanyi biashara hii kuwa haramu. Linamtaka mwenye mzigo achague: maboksi ya kuunganisha kwa mteja aliyeagiza, yenye karatasi zinazosema kilichomo, yapite, bunduki za bandia zinazofanana na za kweli ziachwe ghalani. Faida ya katoni moja ya bunduki hizo haiwezi kumlipa mzazi ambaye mtoto wake amedhaniwa kuwa na silaha kwenye kizuizi cha barabarani.