Je, Wajua? Kompyuta Ikiumwa

Je, wajua kuwa Septemba 9, 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II huko Marekani walimkuta nondo amenasa kwenye swichi ya umeme? Walimbandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi! Daftari limehifadhiwa Smithsonian, nondo yumo.

Shika hii: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu ni takriban 1.3338, lakini mwaka 1994 prosesa ya Pentium ya Intel ilisema 1.3337! Aliyegundua kasoro hiyo ya prosesa ni mwalimu wa hesabu, Thomas Nicely, baada ya miezi ya kuchuja sababu nyingine moja moja. Intel ikatenga dola milioni 475 kufidia kosa hilo. Naam, milioni 475!

Je, wajua kuwa diski huchukia kelele? Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg alizipigia ukelele, na grafu ikaonyesha papo hapo zimechelewa kujibu.

Programu ya Prime95 iliundwa kuwinda namba tasa. Hesabu zake ni nzito mno, mafundi wakaigeuza kipimo cha kuibana prosesa hadi ionyeshe udhaifu. Januari 2016 Intel ilikiri kuwa Skylake, prosesa yake mpya, inaweza kuganda kwa hesabu hizo.

Ubelgiji, mwaka 2003, manispaa ya Schaerbeek: mgombea akazidishiwa kura 4,096. Kompyuta ya kura ikapimwa, ubovu haukuonekana! Wataalamu wakahisi biti moja tu iligeuka, pengine kwa chembe kutoka angani.

Sasa sogea karibu, hii ndiyo kiboko. Novemba 2023 Voyager 1, chombo cha angani kilichorushwa mwaka 1977, kilianza kutuma data isiyosomeka kutoka umbali wa kilomita bilioni 24. Ujumbe kufika tu ni saa 22 na nusu, na jibu nalo saa 22 na nusu! NASA wakaomba chombo kitume nakala ya kumbukumbu yake, wakaona chipu moja imekufa. Nani angekwenda kuibadilisha? Wakahamishia programu sehemu nzima za kumbukumbu, na Aprili 2024 Voyager ikasomeka tena.

Kompyuta yako iko mezani, una bahati. Ikilia pii-pii na kioo kikabaki cheusi, usikimbilie dukani. Izime, chomoa waya, toa RAM (kadi ya kumbukumbu), sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, irudishe mpaka vishikizo vifunge. Mafundi wengi huanzia hapo hapo.