Programu yako inagoma kwenye Raspberry Pi? Huenda kosa si la kwako

Mwanafunzi kaandika programu kwa lugha ya C. Kwenye laptopu yake inafanya kazi vizuri tu. Anaihamishia kwenye Raspberry Pi, inagoma. Usiku mzima anatafuta kosa kwenye msimbo, kumbe hakuna.

Shida iko kwa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine. Laptopu nyingi zina prosesa za Intel au AMD. Raspberry Pi, kama simu nyingi, inatumia ARM. Maelekezo ya moja hayaeleweki kwa nyingine.

Kompaila ikitengeneza programu ya mashine ya aina ile ile inayoiendesha, huitwa neitivu. Ikitengeneza kwa ajili ya mashine ya aina nyingine, hiyo ni krosi-kompaila. Suala si ukubwa wake wala lugha inayosoma. Na si prosesa peke yake: laptopu ya Linux ikitoa programu ya Windows, hata kwa prosesa ile ile, bado ni krosi.

Kuna vifaa visivyo na njia nyingine. Arduino Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na RAM ya kilobaiti 2. Kompaila haienei humo hata kidogo! Kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kupakia, GCC iliyo kwenye laptopu ndiyo inayotengeneza maelekezo ya chipu ile, kisha yanapitia waya wa USB. Wengi wametumia krosi-kompaila namna hii bila kujua.

Raspberry Pi ina nafasi, hivyo mwanafunzi wetu ana njia mbili. Ahamishie msimbo wenyewe na kuukompaili humo humo, au aweke krosi-kompaila ya ARM kwenye laptopu. Kwa kazi ndogo, ya kwanza ndiyo rahisi. Mradi ukiwa mkubwa, Pi itamchelewesha, na laptopu itamwokolea muda.

Ukitaka kujaribu kwenye simu ya Android, sakinisha Clang kupitia Termux, kisha ukompaili programu ya simu hiyo hiyo. Hapo Clang ni neitivu. Clang iliyomo ndani ya Android NDK, ikitoa programu ya simu hiyo hiyo kutoka kwenye laptopu ya Intel, ni krosi.