Miti Mirefu ya Msituni Husimamaje?

Wasomaji wetu wakaao Kaloleni, Bahati na Makongeni, ambao kwao ni Kakamega, bila shaka wamekwisha kuona katika msitu wa huko miti mikubwa ambayo mizizi yake haikufichwa ardhini. Mizizi hiyo hutoka shinani kama mbao pana zilizosimamishwa wima, na mtu aweza kujibanza katikati yake mvua inyeshapo. Watu wa Pwani huiona vilevile katika msufi, mti utoao sufi ya kujazia mito na magodoro.

Hudhaniwa kwamba mti mrefu lazima uwe na mzizi mkuu uliozama chini sana. Katika misitu ya mvua mara nyingi sivyo. Majani yaangukayo huoza upesi kwa joto na unyevu, na chakula cha mti hukaa katika tabaka jembamba la juu; kwa hiyo mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa nchi.

Basi mti wa namna hiyo hushikwa na nini? Wengi husema mizizi ile ni kama gogo lililoegemezwa kwenye ukuta ulioinama. Hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Tazama nguzo ya umeme mahali nyaya zinapokata kona: imefungwa waya mnene unaoshuka kwa mshazari hadi ardhini, ili nguzo isivutwe ikalala. Mzizi ulio upande utokako upepo hufanya kazi ya waya huo, nao wa upande wa pili huusukuma mti usizidi kuinama. Chini ya mbao hizo mizizi mingine huteremka wima, ikashika udongo kama vigingi vya hema. Wataalamu waliovuta miti nchini Malaysia na kupima nguvu zake walieleza mwaka 1997 kwamba kiasi cha asilimia 60 ya uimara wa miti hiyo ulitokana na mizizi ya namna hii.

Kwa hiyo mwenye kuchanja ubao mmoja apate kuni amekata waya wa nguzo. Mti waweza kusimama miaka mingi, kisha ukaanguka kwa dhoruba moja.

Hapa mitaani Nairobi miti mingi haina mbao hizo, lakini mizizi yake itambaayo hufanya kazi ile ile ya kuvuta. Mtu achimbapo mtaro wa bomba karibu na shina huikata, na mvua za Aprili huulainisha ule udongo wetu mweusi. Upepo ukivuma kutoka upande wa mtaro, mti hulala upande wa pili, pengine juu ya paa la jirani ambaye hakushika sururu siku ile.