Doti, Dhiraa na Mita: Uwiano wa Vipimo katika Kiswahili cha Ujiji



Anayeingia leo katika duka la nguo pale Ujiji au Kigoma mjini na kuomba doti ya khanga hupewa khanga mbili. Hakuna anayetaja urefu. Hata hivyo, katika karne ya 19 doti ilikuwa kipimo cha urefu, na katika njia ya misafara iliyotoka pwani hadi Ziwa Tanganyika nguo ilitumika kama fedha. Aliyekosea kipimo alikuwa amekosea malipo. Ningependa kulitumia neno hilo kueleza namna ya kugeuza vipimo kwa uwiano, na kubainisha ni kitu gani lugha hukitunza na kipi haikitunzi.

Msingi wa vipimo hivyo ulikuwa mwili wa binadamu. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni pima moja, na huo ndio uliokuwa urefu wa shuka. Shuka mbili ni doti moja. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba shuka ya mikono minne ni sawa na futi 6. Kwa hesabu hiyo mkono mmoja ni inchi 18. Na kwa kuwa inchi moja ni sentimita 2.54, mkono ni sentimita 45.72.

Tuseme basi mwenye bidhaa alidai doti 5. Hizo ni mita ngapi?

doti 5 × (mikono 8 ÷ doti 1) × (sm 45.72 ÷ mkono 1) = sm 1,828.8, yaani mita 18.288.

Kila kilicho ndani ya mabano kina thamani ya moja, kwa sababu ni kiasi kilekile kilichotajwa kwa majina mawili. Kuzidisha kwa moja hakuongezi wala hakupunguzi kitambaa. Hubadilisha jina tu. Doti ya juu hufutana na doti ya chini, mkono na mkono, zikabaki sentimita peke yake.

Tukitaka kurudi nyuma, tunaupindua uwiano. Kina kirefu kabisa cha Ziwa Tanganyika ni takriban mita 1,470. Pima moja ni mita 1.8288, hivyo 1,470 × (pima 1 ÷ mita 1.8288) ni kama pima 804. Anayesahau kuupindua hupata mita zilizozidishwa kwa mita, na majina yenyewe humwonya kabla hajaiamini tarakimu yake.

Hapa ndipo penye shida. Uwiano wa mikono minane kwa doti moja haubadiliki, lakini mikono ya watu hailingani. Mwenye mkono wa sentimita 50 akipima doti 5 atapata mita 20. Mwenye mkono wa sentimita 44 atapata mita 17.6. Wote wawili wamehesabu mikono 40 kwa uaminifu, na bado tofauti ni mita 2.4, zaidi ya shuka nzima. Kwa hiyo haki ya muuzaji na mnunuzi ilitegemea zaidi makubaliano juu ya mkono wa nani utumike kuliko ustadi wa kuhesabu.

Turejee sasa kwenye doti ya khanga. Khanga moja huwa na urefu wa takriban mita 1.5, mbili ni kama mita 3, ilhali doti ya Burton ilikuwa mita 3.66. Urefu umebadilika, lakini uwiano umesalia: vipande viwili ni doti moja. Lugha imeitunza namba mbili na kuuacha urefu.

Funzo lake kwa watunga kamusi na wanahistoria ni bayana. Tunapokuta doti katika hesabu za misafara, haitoshi kuandika mita mbele yake. Yatupasa kutaja uwiano tulioutumia, na pia mkono uliokuwa msingi wake. Bila hivyo tutakuwa tumewapimia watu wa kale kwa mkono wetu wenyewe.